Mafuta ya Nazi Usoni mwa Askari

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa mgonjwa hata mmoja. Sista Mkuu wa chumba cha ngozi, mama mpana mwenye sauti ya kuamrisha hata anapokuamkia, alinikalisha kwenye kiti cha wagonjwa, akaupandisha mkono wa gauni langu jipya la kiuguzi, akafungua kichupa na kwa kibano akatoa manyoya machache ya upupu. Akayaweka juu ya ngozi laini ya ndani ya mkono wangu, akayabonyeza kidogo. Kisha akavuta kiti chake, akakaa mbele yangu.

"Usikune," akaniambia.

Nyinyi mliokulia kwenye nyumba za ghorofa labda upupu mnausikia tu. Ni mmea unaotambaa vichakani, una maganda kama ya maharage, na maganda yale yamevaa manyoya ya rangi ya kahawia inayong'aa. Ukiyaona kwa mbali utayapenda. Kila unyoya ni sindano, na ndani ya sindano mna kimeng'enya, yaani kitu cha asili kinachovunjavunja nyama kama mate yanavyolainisha chakula. Kikiingia kwenye ngozi, mwili wote unapiga kelele. Wallahi nilitamani kujichuna. Nilikunja vidole vya miguu ndani ya viatu, machozi yakanitoka, na yule mama kakaa tu ananitazama kama anayengoja chai ichemke.

"Sasa ushajua," akasema baadaye. "Akija mtoto analia kwa upupu, usije ukamwambia wacha mchezo."

Akakoroga unga wa ngano kwa maji mpaka ukawa mzito, akanibandika, ukakauka, akaubandua, na manyoya yakatoka pamoja nao. Hilo ndilo somo la kwanza la kazi yangu: upupu hausuguliwi, maana ukisugua unazidi kuupigilia ndani. Unabanduliwa. Jina langu ni Bi Saada, na kwa umri wangu wote wa kazi nimekuwa muuguzi wa ngozi katika kisiwa hiki cha Unguja. Nimeombwa na wanangu wa chuo cha uuguzi niwaeleze tulivyofanya kazi, nami si mtu wa maneno matamu, kwa hiyo nitaeleza kama nilivyoyaona.

Sista Mkuu alikuwa na mazoea ya kukusimamisha ukumbini, umebeba sinia la dawa, na kukuuliza maosho. Maosho ni neno lake mwenyewe. Kwake yeye kila kinachowasha kina namna yake ya kuoshwa, na ukikosea unamzidishia mgonjwa.

"Korosho?" ataniuliza.

"Mafuta kwanza, Sista, kisha sabuni na maji."

"Kwa nini mafuta?"

"Kwa sababu utomvu wa ganda la korosho nao ni mafuta, na maji matupu yanapita juu yake tu."

"Haya, nenda. Sinia limepinda hilo."

Korosho ilituletea wagonjwa kila msimu. Ganda la korosho mbichi lina utomvu mweusi unaobabua ngozi, na ubaya wake ni kwamba hauumi papo hapo. Mtu anabangua korosho mchana kutwa, anacheka na wenzake, analala vizuri, na asubuhi anaamka vidole vimejaa malengelenge. Palepale alipogusa ndipo panapotokea. Akijipangusa jasho, utaona alama ya vidole kwenye paji la uso. Na wanaume wanaokwenda haja kabla ya kunawa mikono, hao walikuwa wanakuja wametanua miguu, wamenuna, hawataki kuhudumiwa na mwanamke. Nikawa nnawaambia, "Baba, mimi ndiye niliyepo. Vua au nenda nayo nyumbani."

Hapo ndipo Sista Mkuu alipotufundisha kusoma ngozi. "Kabla hujauliza, tazama," alikuwa akisema. Kiwavi mwenye manyoya anaacha njia, unaiona alivyopanda kutoka kifundo cha mkono hadi kwenye kiwiko. Konyeza, yule mdudu wa baharini laini kama utelezi mwenye nyuzi ndefu, anaacha mistari kama ya bakora. Upupu unatapakaa bila mpango, na kila kucha ya mgonjwa imeongeza mchoro wake. Kitu cha majimaji kinateremka, kwa kuwa kina uzito. Mgonjwa anaweza kukosea anachosema, masikini, kwa sababu ya maumivu au hofu, lakini alama haina hofu. Nimeyatumia maneno hayo maisha yangu yote na sina jipya la kuyaongezea.

Nilipohamishiwa kusini, kituo cha Kizimkazi, bosi wangu alikuwa Mkuu wa Kituo, bwana mrefu mwembamba, mkali kama siki aliyokuwa akiifungia kabatini. Siki aliifungia kweli, na ufunguo aliuvaa shingoni, kwa sababu wahudumu walikuwa wanaichukua kutilia kachumbari. Pale tulipokea wanawake wanaolima mwani na wageni wanaokwenda kuogelea na pomboo, wote wamepigwa na konyeza. Nyuzi za konyeza zina vifuko visivyoonekana kwa jicho, na kila kifuko kimekunja mshale ndani yake. Vingine vinakuwa bado havijafyatuka mtu anapofika nchi kavu. Sasa mtu kwa huruma zake anachukua maji ya kunywa anamwagia, na mishale yote iliyobaki inafyatuka kwa pamoja. Siki ndiyo inayoizuia.

Nakumbuka nahodha mmoja aliingia amembeba msichana wa kizungu, mkononi ana chupa ya maji anammiminia mguuni, na msichana anapiga ukelele mpaka watu wanatoka msikitini. Mkuu wa Kituo alimpokonya ile chupa.

"Wee! Unamtibu au unamuua?"

"Nnamsaidia, Mkuu."

"Najua unamsaidia. Wacha kumsaidia!"

Tulicheka baadaye, lakini maneno yale yaliniingia. Katika kazi yetu, anayemzidishia mgonjwa maumivu mara nyingi ni yule anayempenda. Adui hamgusi hata kidogo, hayupo pale. Aliyepo ni mama, au mume, au jirani, kashika kitu mkononi na anataka kusaidia sasa hivi.

Nilirudi mjini nikiwa nshakuwa muuguzi mwandamizi, nikawekwa chini ya Daktari wa Ngozi. Yeye alikuwa Mhindi wa Mji Mkongwe, kazaliwa na kukulia pale juu ya duka la babu yake, Kiswahili chake safi kuliko changu. Alikuwa msemaji wa taratibu, na akichoka alikuwa anavua miwani na kuzungumza mambo ya vitabuni. Ni yeye aliyenieleza kwamba haya tunayoyaogopa vichakani na baharini, binadamu aliyatazama akayaonea tamaa. Katika vita vikuu vya kwanza vya Ulaya wanajeshi walirushiana kitu kinachoitwa gesi ya haradali. Jina la gesi ni la kupotosha, alisema, maana kwa hakika ni mafuta. Yanakaa kwenye nguo, kwenye udongo, kwenye ngozi, na kwa saa kadhaa askari hahisi kitu. Anakula, anavuta sigara, anaandika barua kwao. Kisha macho yanafumba na mwili unajaa malengelenge.

"Kama korosho," nikasema.

"Kama korosho, Bi Saada. Ila korosho haikumkusudia mtu."

Akanieleza pia juu ya mabomu ya machozi. Watu wanayaita moshi, lakini ni unga, mwembamba sana, unaobebwa na moshi. Unatafuta palipo na unyevu: macho, pua, koo, makwapa, shingo yenye jasho. Kwenye nchi ya joto kama yetu, ngozi inayotoka jasho inaweza kuungua kabisa, si kuwasha tu. Akasema mataifa yalishakubaliana kwamba hata hayo yasitumike vitani.

"Na mitaani?" nikamuuliza.

Akavaa miwani yake. "Mitaani yanaruhusiwa," akasema, akaita mgonjwa anayefuata.

Sasa nifike kwenye lile lililonikalisha kuandika haya.

Ilikuwa mchana, baada ya sala ya adhuhuri. Palikuwa na mkusanyiko mjini, mkusanyiko ukageuka makelele, makelele yakageuka mbio. Nani aliyeanza sijui, na sizungumzi nisilolijua. Nilichokiona ni watu walioingia kwenye uwanja wetu wa ndani wakikohoa, wakijikwaa, wameshikana mikono kama vipofu. Tulikuwa tumejiandaa kwa mpira mmoja wa maji na ndoo. Amri yangu ilikuwa fupi: vua nguo ya juu, uso uelekee upepo unakotoka, macho usifikiche, maji yapite mengi. Wanawake walikuwa wanaona haya kuvua mabaibui, basi wenzao wakashika khanga kuwazungushia, na wenye kushika nao machozi yanawachuruzika.

Lililonitia hasira ni nyuso zinazong'aa. Mmoja baada ya mwingine wanakuja wamepakwa mafuta ya nazi.

"Nani kakupaka?" nauliza.

"Mama."

"Nani kakupaka?"

"Bibi."

Kwetu mtoto akizaliwa anakandwa kwa mafuta ya nazi. Akianguka, mafuta. Akiumwa na nyuki, mafuta. Bibi harusi anapakwa, mzee wa viungo anapakwa. Si kitu cha kukilaumu, ndivyo tulivyolelewa. Lakini ule unga unanasa kwenye mafuta. Badala ya kupeperuka na kuoshwa, unakaa palepale umeshikana na ngozi, na jasho chini yake, na kila unavyosugua unausambaza. Nilikuwa nafoka siku ile mpaka sauti ikakauka. "Maji! Maji jamani! Khaa, nani kawaambieni huku ni jikoni?"

Ndipo wakaingia askari wawili wamemshika mwenzao. Kijana, mwembamba, kofia hana. Jina lake nililijua baadaye, Yohana, mtoto wa Bara, hana muda mrefu kisiwani. Upepo ulikuwa umegeuka, bomu likapasukia karibu yake, akapotezana na wenzake akakimbilia vichochoroni. Uso wake ulikuwa umevimba, macho yamefumba, na ulikuwa unang'aa kuliko nyuso zote nilizoziona.

"Mama mmoja kaniunguza," alikuwa akisema. "Kanivuta ndani, kanipaka dawa. Aliponipaka ndipo nilipoungua."

Mmoja wa wenzake akasema kwa sauti: "Tindikali!"

Neno hilo katika mji wetu, ambako watu walishawahi kumwagiwa, ni neno zito. Uwanja mzima uligeuka kumtazama, waliokuwa karibu wakarudi nyuma. Mimi nilisogeza pua karibu na shavu la yule kijana, nikasikia harufu ya nazi. Huo haukuwa wakati wa kubishana. Nikachukua sabuni ya maji kuyatoa yale mafuta kwanza, kisha nikamwosha kwa muda mrefu, yeye akinishika gauni. Nilipomaliza, viganja vyangu vilikuwa salama ndani ya glavu, lakini juu yake, pale glavu zinapoishia, mikono yote miwili ilikuwa imewaka moto na kutoka vipele.

Kabla ya magharibi habari zilishafika. Wamemkamata mtu. Ni Bi Mwatima, mjane wa vichochoro vya nyuma ya soko, anayejipikia mafuta ya nazi na kuyauza kwa chupa. Watoto wangapi wa mji huu wamekandwa kwa mafuta yake, wangu wakiwamo. Na mwanawe Salum alikuwa kwenye ule mkusanyiko, hajarudi nyumbani wakati Yohana anaingia kwake. Basi kila mtu akajumlisha anavyotaka. Mwanawe kapigwa bomu, na yeye kalipiza kwa aliyemfikia. Hata waliompenda walisema hivyo, na wengine, Mungu atusamehe, walisema kwa kumsifu.

Salum alikuja wodini, macho mekundu, nguo bado mbichi.

"Shikamoo Bi Saada."

"Marahaba."

"Mama yangu hajawahi kuchinjisha hata kuku bila kutoka nje kulia. Watamfunga, Bi Saada. Kwa tindikali watamfunga mpaka afe."

Nikamwambia nenda ukaoge kwanza, halafu urudi ulie. Ukali wangu ulikuwa wa kujificha tu. Alikuwa amesema kweli.

Asubuhi uso wa Yohana ulikuwa umejaa malengelenge, kama nilivyoogopa. Mkaguzi wa polisi aliyepewa kesi alifika mapema. Nitasema kwa haki yake kwamba alikuwa muungwana, macho yake mwenyewe bado yalikuwa mekundu kwa yaleyale ya jana. Alikuwa na chupa isiyo na alama yoyote, imefungwa kwenye mfuko wa plastiki. Akamuuliza Daktari wa Ngozi swali moja: huu uso umeunguzwa na nini? Akaeleza kwamba kwa jibu hilo mama yule ama anapelekwa mahakamani ama anarudi nyumbani.

Daktari akaifungua ile chupa, akanusa, akajimiminia mkononi, akajipaka mpaka kwenye kiwiko. Tukangoja. Hapakuwa na kitu, ila harufu ya kwetu nyumbani.

"Hiyo ni chupa tuliyoikuta," akasema Mkaguzi. "Inawezekana ipo tusiyoikuta. Na kijana mwenyewe anasema aliungua alipopakwa. Hasemi uongo."

"Hasemi uongo," Daktari akakubali. "Bi Saada, mfungue bandeji."

Nilimfungua taratibu. Nilikuwa nimeiona ngozi ile usiku kucha nilipokuwa namhudumia, lakini nilikuwa nnatazama kidonda, sikutazama alama. Sasa mwanga wa dirisha ulikuwa umemwangukia, na nikauona uso mzima. Tindikali inamwagwa. Inateremka, inachora michirizi kwenye kidevu na shingo, inatoboa nguo. Shati la kijana lilikuwa zima. Hapakuwa na mchirizi hata mmoja. Malengelenge yalikuwa yamejipanga kwenye paji la uso kwa mistari mipana inayokwenda sambamba, kutoka katikati kuelekea pembeni. Mashavuni yalipanda juu, kutoka kidevuni mpaka karibu na masikio. Nyuma ya masikio yote mawili palikuwa na duara dogo, palipopita dole gumba. Kisogoni, mpapaso mmoja mrefu.

Daktari aliona nilichokiona.

"Mwanangu Yohana," nikamwambia kijana, "huyo mama alikupaka vipi? Usinieleze. Nioneshe kwa mkono wako, bila kugusa."

Macho yake bado yalikuwa yamefumba. Akainua kiganja. Kikapita juu ya paji la uso kutoka katikati kwenda pembeni. Kikashuka kidevuni, kikapanda na shavu. Kikazunguka sikio. Mkono wake ulifuata kila lengelenge bila kuliona, na alipofika nyuma ya sikio ukasita.

"Alikuwa anasema nini?" nikamuuliza.

"Alikuwa anasema pole baba. Tulia baba, nipo, tulia." Kiganja akakishusha. "Nilikuwa napiga kelele, sikumsikia. Nilikuwa namsikia lakini sikumsikia."

Mkaguzi akageukia dirishani. Daktari akamweleza kwa maneno machache: unga wa bomu ulikuwa tayari usoni, mafuta yakaunasa na kuusambaza, joto na jasho vikafanya yaliyobaki. Akanishika mikono akamwonesha na mikono yangu, vipele vinavyoanzia pale glavu zilipoishia, kwa sababu yaliyokuwa kwenye ngozi ya kijana yalikuwa bado yana nguvu nilipomwosha. Mkaguzi aliniaga kwa heshima, akachukua chupa yake, akaondoka. Kabla ya adhuhuri Bi Mwatima alikuwa ameachiwa.

Ningetaka hadithi iishie hapo. Lakini alasiri ileile alikuja hospitali, kajifunga khanga ya jana, na hakuja kushukuru. Alikaa kwenye benchi langu.

"Kaingia mlangoni kwangu, ananiita mama," akasema. "Haoni, ananipapasa. Salum yuko nje sijui yu hai au vipi, na huyu ananiita mama. Ningefanyaje, Bi Saada? Nikayapasha moto kidogo, nikampaka." Akaivuta khanga. "Mkaguzi kaniambia daktari kasema sikumwaga tindikali. Lakini hakunieleza kilichomuunguza ni nini."

Nilijua swali linalokuja. Nilitamani mtu aniite, simu ilie, chochote.

"Kwani ni mafuta yangu?"

Katika miaka yangu yote nimewaambia watu habari za ukoma, za saratani ya ngozi, za mtoto asiyepona. Sijapata kuona uzito kama ule. Ukweli uleule uliomtoa kizuizini ndio niliokuwa nimeushika mkononi kumpiga nao. Nikamwambia. Nikasema unga wa bomu ndio uliomuunguza, Bi Mwatima, lakini mafuta yaliushika usitoke. Laiti ungemwagia maji. Hukujua, na mji mzima haukujua.

Hakulia. Aliigeuza mikono yake akaitazama kiganjani, kisha nyuma, kisha akaificha ndani ya khanga. Toka siku ile hakupika tena mafuta. Salum alinieleza kwamba hata mjukuu alipozaliwa aliomba mtu mwingine amkande.

Nimestaafu sasa, nakaa mtaa wa Amani, na majirani bado wananiletea watoto wao, wa upupu, wa viwavi, wa hina nyeusi iliyowababua mikono. Wanangu wa chuo wananiuliza kipi kibaya zaidi katika vyote nilivyovitibu. Wanadhani nitataja konyeza au bomu la machozi. Mimi nawaambia upupu haumjui anayempitia, konyeza hana kisa na mtu. Binadamu ndiye anayekaa akafikiri namna ya kumuwasha mwenzake, halafu wa kuosha tunakuwa sisi. Hilo linanikera mpaka leo na sioni haya kulisema. Na nawasisitizia maji, maji, maji, mpaka wanachoka nami. Lakini hasira si kitu pekee nilichoondoka nacho kazini, kwa hiyo nieleze na siku ambayo Yohana alirudi kuangaliwa.

Malengelenge yalikuwa yamekauka, ngozi mpya imetoka, nyekundu, nyembamba kama ganda la kitunguu. Ngozi ya namna ile inapasuka ikikauka, kwa hiyo kila asubuhi na jioni inatakiwa ipakwe mafuta ya mgando. Unga ulishatoka zamani, sasa mafuta ndiyo dawa. Nilikuwa nnamweleza Yohana hayo, na Bi Mwatima alikuwa amekaa pembeni karibu na mlango. Mimi ndiye niliyemwita aje, na mpaka leo sijui kama nilikuwa na haki. Mikono yake ilikuwa ndani ya khanga.

"Nyuma ya masikio hutofikia vizuri mwenyewe," nikamwambia Yohana. "Nani wa kukupaka?"

"Kambini sina mtu, mama."

Nikakifungua kile kikopo, nikakiweka juu ya meza. Nilitaka kuvaa glavu. Yohana akasimama, akavuta kigoda, akakiweka mbele ya Bi Mwatima, akakaa chini yake kama mtoto anayesukwa. Akamwinulia uso, akafumba macho.

"Nipake, mama," akasema.

Bi Mwatima akanitazama mimi. Nikamwitikia kwa kichwa. Akaitoa mikono ndani ya khanga, akachota mafuta kidogo kwenye ncha ya kidole, akaanza na paji la uso.

"Inauma?" akamuuliza.

"Haiumi, mama. Endelea."